Kaimu Altaneta

Inatangazwa kwa wananchi wote, wanaoruka na wasioruka, kwamba kuanzia sasa hakuna altaneta ya akiba itakayoanza kazi ndani ya ndege iliyoundwa nyumbani bila kupata idhini ya altaneta kubwa. Idhini hiyo itatolewa na altaneta kubwa yenyewe, ikiwa hai, ikiwa na akili timamu, na ndani ya saa za kazi.

Tangazo hilo nililipitisha mimi. Si peke yangu, tulikuwa kamati, lakini mkono wangu ulikuwa juu na picha ipo. Jina langu ni Virginia. Watu wa Mwimuto huniita Shosho, yaani bibi, na kule Upper Hill, kwenye Halmashauri ya Ndege za Kuundwa Nyumbani, huniita Mdau. Cheo hicho nilikipata kwa sababu ya kuku. Jirani yangu wa ng'ambo ya bonde, upande wa Kitisuru, alikuwa akiwasha injini ya ndege ndani ya gereji yake kila Jumamosi, na kuku wangu wakagoma kutaga. Nikaenda mjini kulalamika. Mjini wakanielekeza Upper Hill, nikapanda ngazi hadi ghorofa ya tano, na kabla sijafika kwenye habari ya jogoo wakanivisha beji. Sheria, waliniambia, inataka kila kamati iwe na mwananchi wa kawaida, nao walikuwa wamemtafuta kwa muda mrefu bila mafanikio, maana kila waliyemuuliza Nairobi hii alisema yeye si wa kawaida.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kulitumikia taifa. Kuku hawakutajwa tena.

Jirani mwenyewe ni Rakesh. Aliuza vipuri vya magari Barabara ya Kirinyaga mpaka magoti yakakataa kusimama nyuma ya kaunta. Wenzake wakistaafu hununua ploti. Yeye alinunua michoro ya ndege, kisha mabati ya alumini, kisha injini. Gari likahamia nje kunyeshewa. Baadaye meza ya kulia nayo ikahamia nje, kwa sababu bawa la kushoto lilihitaji chumba. Mkewe, Daksha, alipika miaka yote hiyo akipita chini ya bawa akiwa ameinama, na hakudai chochote isipokuwa ahadi moja: ndege ikikamilika, abiria wa kwanza ni yeye, na mumewe atampeleka hadi juu ya Ngong amwonyeshe paa la nyumba yao akirudi.

Ndege ilikuwa imekamilika. Rubani wa kukodi alikuwa ameijaribu kwenye kiwanja kidogo nje ya mji, akairudisha ikiwa nzima. Kilichobaki kilikuwa kibali chetu. Na hapo ndipo palipokuwa na haraka, kwa sababu daktari wa marubani alikuwa amemwambia Rakesh kwamba macho yake yamebakiwa na cheti kimoja tu, nacho kinaisha mwisho wa mwezi. Baada ya hapo ataruka kama mimi ninavyoruka, yaani kwa kukaa pembeni na kuombea aliyeshika usukani.

Siku ya ukaguzi tulikwenda Kitisuru kwa magari matano, kwa kuwa gereji ilikuwa moja. Mbele alikuwa Mkurugenzi wetu, Mhandisi Mbugua, mtu mrefu mwenye sauti ya kusomea matangazo ya kanisa. Nyuma yake alifuata naibu wake, Madam Mwongeli, akiwa amembebea simu ya pili, mwavuli na miwani ya kusomea. Mwongeli amekuwa naibu tangu jengo letu likiwa na rangi nyingine. Wakurugenzi wamekuja na kuondoka, kila mmoja akimkuta mlangoni na kumwachia mwavuli.

Rakesh alitueleza vizuri, pole pole, akigusa kila kitu kwa kidole. Katika ndege hii, alisema, cheche za injini hutoka kwenye stima. Stima ikiisha, betri itavumilia kidogo, kisha injini itanyamaza, nawe uko juu. Kwa hiyo kuna altaneta kubwa, hii hapa mbele, inayozungushwa na mkanda na kuzalisha stima. Na nyuma ya injini kuna altaneta ndogo ya akiba, ambayo Halmashauri yetu yenyewe ndiyo iliyoidai. Ndogo imepangiwa nguvu ya chini kidogo kuliko kubwa. Kubwa ikiwa kazini, ndogo inaona stima ipo ya kutosha, inanyamaza. Kubwa ikifa, stima inashuka, ndogo inahisi, inashika kazi papo hapo, na taa ya njano inawaka kumwambia rubani azime vitu visivyo vya lazima arudi nyumbani.

Mkurugenzi aliinama akaitazama ile ndogo kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyemkuta amekaa kwenye kiti chake.

"Kwa hivyo hii inakaa hapa tu, ikingoja kubwa ife."

"Haingoji, bosi," Rakesh akasema. "Inalala. Stima ikishuka, inaamka."

"Nani anaiamsha?"

"Hakuna mtu. Inajiamsha."

"Inajiamsha." Mkurugenzi akageuka. "Madam Mwongeli, umesikia hiyo?"

"Nimesikia, mkuu."

"Unaionaje?"

"Sijaiona, mkuu. Miwani ni yako."

Hewa ilikuwa imeanza kuwa nzito, na mimi nikiona hewa nzito huwa natega kitendawili. Nikasema kitendawili. Daksha, ambaye alikuwa akitupitishia chai, akajibu tega. Nikasema nina askari wawili langoni, mmoja akiwa macho mwingine analala, mmoja akianguka mwingine anasimama. Daksha akacheka, akasema hizo si ndizo altaneta mbili. Lakini Mkurugenzi aliinua mkono. Alisema jibu ni mapinduzi.

Nilimwambia amekosa, anipe mji. Hakunipa. Alimwita dereva, na yale magari matano yakarudi mjini yakiwa yamewasha taa mchana.

Suala likawa zito. Tulilijadili kwenye hoteli moja katikati ya jiji, ambako asubuhi kulikuwa na chai na mandazi na jioni kulikuwa na chai na keki, ili uamuzi wetu usiathiriwe na njaa. Wataalamu walialikwa. Mmoja aliwasilisha mada iitwayo Uongozi na Urithi Katika Mitambo. Mwingine alituonyesha kwa picha kwamba kifaa cha akiba kinachojua kufanya kazi ya mkubwa wake ni tishio kwa mkubwa huyo, na kile kisichojua ni salama ila hakifai, hivyo kinachotakiwa ni kile kinachojua lakini hakithubutu. Tulipiga makofi. Tulikubaliana pia kwamba ile ndogo isiitwe altaneta. Itaitwa Kaimu Altaneta, na hilo jina litatumika tu siku inapokaimu. Siku nyingine haitakuwa na jina.

Ndipo ukazaliwa Mfumo wa Idhini. Ni waya tu, lakini wenye cheo. Unatoka kwenye altaneta kubwa hadi kwenye swichi ya ile ndogo. Stima ya kubwa ikipita kwenye waya huo, maana yake kubwa imeridhia, na ndogo inaweza kuamka. Isipopita, ndogo ikae.

Rakesh aliruhusiwa kusema kwa sababu alikuwa amejilipia nauli. Alisimama akiwa ameshika kofia yake kifuani.

"Bosi, naomba kuuliza. Kubwa ikishakufa, hiyo idhini itatoka wapi?"

"Kwa kubwa."

"Lakini imekufa."

"Basi ilipaswa kutoa idhini mapema, kabla ya kufa. Mipango ni muhimu."

"Ikitoa mapema, zote mbili zinaamka pamoja, na hakuna kazi ya wawili."

"Unaona sasa," Mkurugenzi akawaambia wataalamu, "jinsi bila waya huu kungekuwa na vurugu."

Mimi niliuliza kama altaneta kubwa haiwezi kuacha wosia. Hoja yangu iliandikwa kuwa nzuri na ikapelekwa kwenye kamati ndogo. Kwenye kikao hicho hicho, ili wafanyakazi wasione mitambo inaonewa, Mkurugenzi alitoa pia waraka wa ofisi: naibu hatashika mamlaka ya mkuu, hata kwa dakika moja, mpaka akabidhiwe na mkuu mwenyewe katika kikao halali kilichofunguliwa kwa maombi. Vifaa vyote vya dharura jengoni, kuanzia ufunguo wa lifti hadi ndoo za mchanga, vitaguswa kwa ruhusa ya mkuu peke yake. Mwongeli aliandika kila neno, akampa asaini, akampa na miwani asome alichosaini. Alisaini kwanza.

Tulipokuwa tukitoka, Daksha alinishika mkono kwenye ngazi za hoteli. Hakulia, si mtu wa kulia hadharani. Alisema Rakesh hataufunga ule waya, kwa sababu ukifungwa hatampandisha mtu aliyemwoa kwenye ndege hiyo, na bila waya hakuna kibali.

"Mama Virginia, mimi najua vile itakuwa," akaniambia. "Mwezi ukiisha atakuwa anaingia kwa hiyo ndege kila jioni pale gereji, anashika usukani, anakaa. Ameshaanza. Juzi nimempelekea chai huko ndani. Sitaki kumpelekea chai huko mpaka tukufe."

Nilimwambia awe na imani na serikali. Alinitazama kwa huruma nyingi.

Sasa, mfumo mzuri hauwezi kuachiwa ndege peke yake. Wiki hiyo hiyo stima ilipotea Upper Hill wakati Mkurugenzi akiongea kwenye simu na mtu wa wizara. Jenereta ya jengo, ile iliyo kule chini karibu na mapipa ya takataka, ikanguruma yenyewe, na taa zikarudi kabla hajamaliza kusema "pole, nilikuwa nasema". Sisi wengine tulifurahi. Yeye aliuliza nani ameiambia.

Akaitwa Muasya, fundi wa jengo. Muasya ni kijana wa makamo, mchangamfu, anayependa kufanya anachoambiwa jinsi alivyoambiwa.

"Muasya, hii jenereta inaripoti kwa nani?"

"Haina mtu, mdosi. Stima ikienda, inajiwasha."

"Hapo ndipo shida ilipo."

Akaagizwa kuifungia Mfumo wa Idhini: iwake tu pale ambapo stima ya barabarani inapita na kuiruhusu. Muasya aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Mara ya pili akaambiwa hajaajiriwa kusikia. Akafunga waya, akanawa mikono, akaenda kula. Mkurugenzi alikuwa na furaha siku hiyo kuliko siku zote nilizomjua. Aliagiza kibao cha shaba chenye jina lake, utepe, na mwaliko kwa Waziri aje auzindue Mfumo rasmi. Siku ya uzinduzi ilipangwa iwe ile ile ya kikao chetu cha mwisho cha mwezi, Alhamisi, ili Waziri akute mfano hai: Rakesh akikubali waya au akikataliwa kibali. Yote mawili yangetoka vizuri kwenye picha.

Alhamisi hiyo tulikuwa tumeketi mapema ghorofa ya tano. Alikuwepo Mwongeli, alikuwepo Jackie mwenye kuandika kumbukumbu za vikao, walikuwepo wajumbe wanaokuja kwa ajili ya chakula cha mchana, nami na beji yangu. Rakesh na Daksha walikaa kwenye benchi karibu na mlango. Rakesh alikuwa amevaa suti ya harusi ya mtoto wake. Kwenye mfuko wa shati alikuwa na kile cheti cha daktari, na mkono wake ulikwenda pale mara kwa mara kama mtu anayehakikisha kwamba moyo bado upo.

Mkurugenzi alikuwa mjini kwa kinyozi. Alirudi, tukasikia gari lake likipiga breki, tukasikia lifti ikiitwa. Lifti yetu huipanda peke yake, wengine hungoja iende na irudi. Tukasikia ikipanda. Kisha stima ikapotea.

Tulingoja mngurumo wa jenereta. Jenereta ilinyamaza kwa adabu kubwa sana. Stima haikuwapo, kwa hiyo ruhusa haikuwapo, na yenyewe ilikuwa imeshafundishwa.

Muasya alipanda ngazi akihema.

"Madam," akamwambia Mwongeli, "mdosi amekwama. Hapa tu, katikati ya nne na tano."

Tukatoka wote kwenye ujia. Mlango wa lifti ulikuwa umefungwa, na nyuma yake, chini kidogo ya miguu yetu, mtu alikuwa akigonga bati kwa kiatu. Muasya alieleza kwamba anaweza kumtoa kwa njia mbili, achukue ufunguo wa lifti kabatini, au aende chini akatoe ule waya ili jenereta iwake. Zote ni rahisi. Anangoja tu ruhusa.

"Mwongeli," sauti ikatoka ndani.

"Mkuu."

"Fungua hii kitu."

"Kwa mamlaka ya nani, mkuu?"

"Yangu."

"Hayo sina, mkuu. Waraka unasema sichukui mamlaka yako hata dakika moja mpaka unikabidhi kwenye kikao halali."

"Nani aliandika huo upuzi?"

"Sahihi ni yako."

Muasya akasema basi ruhusa aitoe mkuu mwenyewe hapo hapo alipo. Lakini Jackie, ambaye ni mtu wa kufuata utaratibu, alikumbusha kwamba ruhusa ya mkuu hutoka kwa maandishi yenye mhuri, na mhuri ulikuwa kwenye meza yake, na meza ilikuwa ofisini, na ofisi ilikuwa imefungwa, na ufunguo wa ofisi alikuwa nao mkuu mfukoni. Hakuna aliyecheka. Mjumbe mmoja aliangalia dirishani kwa nguvu.

Ikabidi kikao kifanyike pale pale. Tulibeba viti tukavipanga ujiani, tukiutazama mlango wa lifti, na Jackie akaandika kwamba mwenyekiti yupo, kwa sauti. Mwongeli akaniomba mimi, kama mkubwa kwa umri, nifungue kwa maombi.

Nami siombi kwa pupa. Niliwaombea wagonjwa wa hospitali kuu iliyo hapo chini, niliwaombea wasafiri, wajane, watahiniwa. Niliwaombea viongozi wetu wote walio mahali pembamba. Nilipofika kwa mvua, sauti ya chini ikasema amina, lakini nilikuwa sijamaliza, nikarudi kwa wajane.

Baada ya hapo, kwa kuwa aligonga bati kwa hasira na hasira si nzuri mahali pasipo na dirisha, nikamtegea kitendawili kidogo cha kumtuliza. Chumba changu kinatembea, aliye ndani amesimama.

"Shosho, tafadhali."

"Sema tega, baba, itakupunguzia joto."

"Sijui jibu. Chukua mji. Chukua Nairobi yote na kaunti zake."

Nilipokea. Kisha tukaingia kwenye shughuli ya kukabidhiana. Mimi nilipendekeza Mwongeli awe Kaimu Mkurugenzi. Jackie akauliza nani anaunga mkono, na kabla wajumbe hawajafikiria, lifti iliunga mkono. Jackie akauliza ni mamlaka kiasi gani. Lifti ikasema yote. Jackie, kalamu juu, akauliza ni hadi lini.

"Andika mpaka Halmashauri itakapoamua vinginevyo. Andika chochote, Jackie. Lakini hii kitu ifunguliwe."

Iliandikwa neno kwa neno. Tulipiga kura, na lifti ilipiga pia. Mwongeli alisimama, akaiweka chini ile simu ya pili, akauegemeza mwavuli ukutani, akaenda kukaa kwenye kiti cha mwenyekiti. Nilikuwa sijawahi kumwona akiwa hana kitu mikononi. Alivuta karatasi ya ajenda karibu.

"Ajenda hii ilipitishwa na mkuu aliyeondoka," akasema, "na mimi sina haja ya kuivuruga. Jackie, suala la lifti liko namba gani?"

"Haliko, madam."

"Basi litaingia kwenye Mengineyo, mwishoni. La kwanza ni nini?"

"Ndege ya Bwana Rakesh wa Kitisuru."

"Mwongeli," sauti ikasema.

"Bwana Mbugua," Mwongeli akajibu kwa upole, "ukiwa na hoja, pitia kwa mwenyekiti."

Nilikuwa nimezoea kumsikia akiitwa mkuu. Lile jina lake la nyumbani lilipita ujiani likaenda mpaka ngazini, na watu wawili waliokuwa wakipanda wakasimama kusikiliza.

Rakesh aliitwa mbele. Alisema kwa heshima kwamba hawezi kuufunga ule waya. Akisema ataufunga atakuwa amedanganya, na akiufunga atakuwa ameua. Alikuwa tayari kurudi nyumbani. Alikuwa ameshaanza kukunja kofia.

"Ngoja, mzee wangu," Mwongeli akasema. "Nieleze mimi, si Halmashauri. Hiyo ndogo, ikiona kubwa imezimika, inafanya nini?"

"Inafanya kazi, madam."

"Kazi yote?"

"Ile ya lazima. Zile taa za urembo tunazima."

"Na ile kubwa ikirudi?"

"Inalala tena."

"Inalala tena," Mwongeli akarudia. "Hapo ina roho nzuri kuliko watu."

Akasaini kibali. Alisaini bila kuomba miwani, akagonga mhuri wa akiba ambao ulikuwa umelala kwenye mkoba wa Jackie tangu uchongwe, na akampa Rakesh kwa mikono miwili. Rakesh alimpa Daksha karatasi amshikie, na Daksha akaisoma yote, pamoja na namba ya simu ya Halmashauri.

La pili, Kaimu Mkurugenzi aliagiza ule waya wa idhini uondolewe mahali popote ulipofungwa. Ulikuwa umefungwa mahali pamoja tu duniani. Muasya alikuwa ameshafika nusu ya ngazi. Baada ya muda mfupi tukasikia jenereta ikinguruma kule chini kwenye mapipa, taa zikawaka, na lifti ikapanda yenyewe hatua iliyobaki. Mlango ukafunguka. Bwana Mbugua alisimama pale, koti begani, nywele mpya, akitazamana na kikao kizima kilichokuwa kimeketi kwa nidhamu mbele yake.

Wakati huo huo, kwa ngazi, akafika mgeni rasmi. Waziri alikuwa amebanwa na shughuli nyingine, akamtuma Katibu, naye Katibu akabanwa, akamtuma msaidizi wake. Msaidizi alikuwa akihema. Aliuliza mkurugenzi ni yupi, na watu wakamwonyesha aliye kwenye kiti. Akampa mkono, akatoa hotuba ya Waziri, akaisoma yote. Ilisifu maono ya kiongozi aliyehakikisha kwamba stima ikipotea jengo hili halitingwi na giza. Taa zilikuwa zinawaka juu ya kichwa chake, kwa hiyo tulimwamini. Mwongeli alikata utepe. Jenereta ikazinduliwa kwa kufanya kile ilichokuwa ikifanya miaka yote. Bwana Mbugua alipiga makofi akiwa karibu na mlango wa choo, kwa sababu huko mbele viti vilikuwa vimeisha.

Tulipofika kwenye Mengineyo aliinua mkono. Alipitia kwa mwenyekiti, hilo namsifu. Alisema kwa kuwa sasa ametoka, angependa kurudi kwenye kiti chake. Mwongeli alisema ni hoja nzuri. Lakini kilichoandikwa ni kwamba Halmashauri ndiyo itaamua vinginevyo, na Halmashauri haiwezi kuamua jambo lisilo kwenye ajenda, na ajenda huandaliwa na mkuu wa ofisi. Litatazamwa. Akamshukuru, na tukaenda kula. Vikao vimefanyika tangu siku hiyo, na ajenda zimekuwa ndefu.

Jumamosi Rakesh na Daksha waliruka. Nilitoka nje nikawaona wakipita juu ya Mwimuto, ndege nyeupe ndogo yenye sauti ya pikipiki, na kuku wangu wakaingia chini ya ghala wote. Walikwenda mpaka Ngong. Juu ya Ngong mkanda wa altaneta kubwa ulikatika. Daksha alinisimulia baadaye kwamba yeye hakuhisi lolote. Aliona tu taa ya njano imewaka mbele yake, akamuuliza mumewe ni ya nini, naye akamwambia kuna mwingine ameshika zamu. Rakesh akazima vitu viwili vitatu, akaigeuza ndege. Daksha akaendelea kutafuta paa lake. Alilipata, na meza yake ya kulia ikiwa bado nje kando yake, na wakatua salama. Mkanda mpya Rakesh aliununua Barabara ya Kirinyaga, akapewa bei ya mwenye duka. Macho yake sasa yamestaafu, ndege inarushwa na binti yao, na yeye hukaa pembeni akimwelekeza asichoulizwa.

Juzi Bwana Mbugua alikuja kwangu. Alikuja kwa miguu kutoka stejini, akasimama langoni mpaka nikamwambia lango halina mtu wa kulifungua, asukume tu. Alitaka mwananchi wa kawaida amsemee kwa Kaimu. Nilimpa kiti, nikampa chai na viazi vitamu, nikamwambia nitasema nikipewa nafasi. Alikula. Alisifu viazi. Baadaye akauliza kwa sauti ndogo, kama mzazi anayeulizia mtoto aliyempeleka bweni, kama kule ofisini wanaweza chochote bila yeye.

Niliwaza ile foleni ya ghorofa ya tano, jinsi siku hizi ukifika hukuti mtu wa kusimama nyuma yake. Niliwaza Jackie, anayetoka saa kumi na kuwahi kwaya. Niliwaza lifti, ambayo sasa nayo naipanda. Kisha nikamtazama mtoto wa watu alivyoshika kikombe kwa mikono miwili, akingoja.

"Wanahangaika sana, baba," nikamwambia.

Akafurahi, akaomba chai nyingine.